UZI: Jimbo lisilokuwa na ardhi. Jinsi Chuo Kikuu cha Oxford kilivyokuwa na wabunge wake kwa karibu miaka 350

Mwalimu wa Zamu (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Nafundisha Historia na Uraia sekondari. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya aina za wabunge: wa majimbo, wa viti maalumu, wale kumi wanaoteuliwa na Rais. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona chuo kikuu hakina mbunge?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lina jibu na jibu lenyewe ni refu. Nikamwambia viti hivyo viliwahi kuwapo Uingereza, na nikaahidi kurudi na habari kamili. Hapa ndipo ninapojiandalia. Nitaushusha uzi kwa vipande, mwenye swali aulize katikati.

Tuanze mwaka 1603. Malkia Elizabeth wa Kwanza amefariki na taji limemwangukia James, ambaye tayari alikuwa mfalme wa Scotland. Kule kwao vyuo vikuu vilikuwa vimezoea kuwa na sauti bungeni. Alipofika London akavipa Oxford na Cambridge hati ya kifalme: kila chuo kipeleke wabunge wawili. Hoja yake ilikuwa kwamba vyuo vina mali, mashamba na kanuni zao, na Bunge linatunga sheria zinazovigusa, basi viwe na watu wa kuvisemea.

Sasa tazameni lile jimbo. Halikuwa na kata wala kijiji. Mipaka yake ilikuwa daftari. Mpiga kura alikuwa mtu mwenye shahada ya uzamili au ya udaktari wa Oxford ambaye jina lake bado limo kwenye vitabu vya chuo, awe anaishi pale mjini au siku tatu mbali kwa farasi. Mwenye shahada ya kwanza peke yake hakuwa na kura hadi 1918. Na mpiga kura huyo huyo, akiwa na nyumba au shamba kwao, alipiga kura nyingine kule. Mtu mmoja, kura mbili. Hilo liwekeni akilini, ndilo lililokuja kuliua jimbo.

Kuna jambo jingine ambalo bila kulijua hutaelewa chochote kinachofuata. Hadi 1854 hukuandikishwa Oxford bila kutia sahihi Vifungu 39 vya imani ya Kanisa la Uingereza, na shahada ya uzamili iliendelea kufungwa kwa wasio wa kanisa hilo hadi 1871. Mkatoliki nje. Myahudi nje. Sehemu kubwa ya wapiga kura walikuwa makasisi waliotawanyika parokiani nchi nzima. Kwa hiyo "jimbo la wasomi" kwa muda mrefu lilikuwa, kwa maneno ya wazi, jimbo la kanisa.

---

Bahari Kuu

Mwalimu, shukrani kwa uzi. Niliwahi kusikia Isaac Newton alikuwa mbunge. Ni kwa mlango huu huu?

---

Mwalimu wa Zamu

Ndiyo mkuu, lakini kwa upande wa Cambridge: 1689 hadi 1690, kisha 1701 hadi 1702. Kile kisa kwamba alizungumza mara moja tu, akiomba dirisha lifungwe, hakina ushahidi, tukiache. Cambridge ilimtoa pia William Pitt Mdogo, aliyekuwa mbunge wake tangu 1784 mpaka alipofariki 1806, na muda mwingi wa kipindi hicho alikuwa ndiye Waziri Mkuu. Lakini mimi nimechagua Oxford kwa sababu pale ndipo palipotokea mambo mawili yanayonisumbua kila ninapoyasoma.

La kwanza ni la Robert Peel, mwaka 1829.

Peel alikuwa mtoto wa Oxford kwelikweli. Mwaka 1808 alipata daraja la kwanza katika masomo ya kale na katika hisabati kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale kabla yake. Chuo kikampa kiti mwaka 1817, na sababu kubwa haikuwa zile alama. Alikuwa amesimama bungeni akapinga Wakatoliki kuruhusiwa kuwa wabunge. Wapiga kura wake walimpenda kwa hilo.

Kisha, 1828, Daniel O'Connell, Mkatoliki wa Ireland, akashinda uchaguzi mdogo wa jimbo la Clare wakati sheria hairuhusu Mkatoliki kukaa bungeni. Peel wakati huo ni Waziri wa Mambo ya Ndani. Akaona wazi kwamba wakimzuia O'Connell, Ireland itawaka moto. Akageuka. Akakubali kuupeleka bungeni muswada ule ule alioupinga miaka yote.

Hapa ndipo ninapomheshimu. Hakung'ang'ania kiti. Alijua Oxford ilimtuma kwa msimamo mwingine, akajiuzulu na kuwarudia wapiga kura wale wale waamue upya. Februari 1829 kura zikapigwa kwa siku tatu, ana kwa ana, kila mtu akitaja hadharani anayemtaka. Makasisi walisafiri kutoka kila pembe. Sir Robert Inglis akapata 755, Peel 609.

Ukienda leo chuo cha Christ Church, mahali Peel alikosoma, chini ya ngazi za kupandia ukumbi wa kulia chakula kuna mlango wa mbao ambao watu waligongelea misumari ikaandika "NO PEEL". Peel hatakiwi. Misumari ingalipo.

Peel alitafutiwa kiti kingine haraka, Westbury, na Aprili mwaka huo huo sheria ikapita. Wakatoliki wakaingia bungeni. Oxford ikabaki na misumari yake.

Nitaendelea jioni, nina madaftari ya kusahihisha.

---

Binti Rungwe

Mwalimu, ninavyoona wapiga kura hawakukosea. Walimtuma kwa jambo fulani, akageuka, wakamtoa. Si ndiyo kazi ya kura? Sisi tunalalamika kila siku kwamba wabunge wetu wakifika Dodoma wanasahau walichotuahidi.

---

Mwalimu wa Zamu

Dada, nakubali kwamba haki ya kumtoa walikuwa nayo. Swali langu ni kuhusu sababu iliyotolewa kuwapa kiti. Walioitetea hati ile miaka yote walisema: watu hawa wamesoma, hawataendeshwa na hasira za msimu, watapima hoja. Ilipokuja hoja nzito kuliko zote za kizazi chao, walifanya kile kile ambacho wangefanya watu wa jimbo lolote lenye dini moja. Haki yao, sawa. Lakini basi ile kura ya pili wamepewa kwa lipi?

Jambo la pili ni la William Gladstone, na linafanana na la kwanza mpaka linatia huzuni. Naye alisoma Christ Church, naye akapata daraja la kwanza mara mbili, mwaka 1831. Akachaguliwa mbunge wa chuo mwaka 1847. Alikuwa mtu wa kanisa hasa, wa kusali na kuandika vitabu vya dini. Lakini fikra zake zilikuwa zinasogea. Mwaka ule ule wa kwanza alipiga kura kuunga mkono Wayahudi waingie bungeni. Baadaye akaanza kuhoji kwa nini Ireland, nchi ya Wakatoliki, ibebeshwe kanisa la Waanglikana kama kanisa rasmi.

Mwaka 1861 sheria ikaruhusu wahitimu kutuma kura kwa posta. Ni jambo zuri kulisikia: mzee hapandi tena gari la farasi, anajaza karatasi na kuituma. Uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya utaratibu huo ukawa wa Julai 1865. Makasisi wa vijijini, ambao wengine hawakuwa wameikanyaga Oxford miaka mingi, walitia karatasi zao posta. Viti ni viwili. Heathcote kura 3,236. Gathorne Hardy 1,904. Gladstone 1,724. Pengo la kura 180, na miaka 18 ya utumishi ikaisha.

Siku hiyo hiyo akashika njia ya Manchester kugombea Lancashire Kusini, akawaambia watu kwamba sasa amewajia bila kufungwa mdomo. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu, na 1869 akaliondoa kanisa lile la Ireland katika hadhi ya kanisa rasmi. Lile lile ambalo Oxford ilitaka alinyamazie.

---

Binti Rungwe

Haya, hapo umenigusa. Na wanawake walikuwa wapi wakati wote huo?

---

Mwalimu wa Zamu

Nje ya mlango, dada, mpaka 1918. Sheria ya mwaka huo ilifungua mambo mengi kwa mpigo. Mwenye shahada ya kwanza akapata kura. Mwanamke mhitimu wa miaka 30 na zaidi akapata kura. Na kwa kuwa Oxford ilikuwa bado haiwapi wanawake shahada hata wakifaulu mitihani yote (ilianza 1920, Cambridge mpaka 1948), sheria ikasema wale waliotimiza masharti ya masomo wahesabiwe kama wahitimu. Fikirini: Bunge lilimtambua msomi ambaye chuo chake mwenyewe kilikuwa hakijamtambua.

Mwaka huo huo vyuo vingine viliongezwa. London ilikuwa na kiti chake tangu 1868, sasa vikaja Wales, Belfast, na vyuo vipya vya Uingereza kama Manchester, Leeds, Liverpool na Birmingham vikawekwa pamoja katika jimbo moja lenye wabunge wawili. Jimbo hilo la pamoja ndilo lililomtoa Eleanor Rathbone mwaka 1929. Alisoma Oxford akaondoka 1896 bila shahada kwa sababu niliyoitaja. Hakuwa na chama. Alipigania kitu kimoja kwa zaidi ya robo karne: serikali iwape familia posho ya watoto, na fedha iingie mkononi mwa mama. Sheria ikapita 1945, shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza. Yeye akafariki Januari 1946, malipo ya kwanza yakatoka Agosti.

Na huyu ana alama yake kwenye historia yetu pia. Desemba 1929, bungeni London, yeye na mbunge mwenzake, Duchess wa Atholl, walisimama kuzungumzia tohara ya wasichana wa Kikuyu kule Kenya, wakati mgogoro baina ya wamisionari na Wakikuyu umepamba moto. Nina maoni mawili juu ya hilo na yote nayashikilia. Alikuwa anawaonea uchungu watoto wale kweli. Na hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa Kikuyu aliyekuwa na kura ya kumtuma au kumkataza.

---

Wakili wa Nyeri

Mwalimu, huku kwetu jambo hilo la 1929 bado linazungumzwa mpaka leo. Asante kwa kulitaja bila kulipaka rangi. Endelea.

---

Mwalimu wa Zamu

Naam wakili, na kipande hiki nadhani utakifurahia kuliko wote.

Tangu 1918 majimbo ya vyuo yenye wabunge zaidi ya mmoja yalipiga kura ya mapendeleo: unapanga wagombea, 1, 2, 3, na kura yako ikikosa kazi kwa wa kwanza inahamia kwa wa pili. Ongeza na kura za posta. Mtu hahitaji magari, mikutano wala vijana wa kubandika picha. Anahitaji waraka mzuri wa kuwatumia wahitimu. Polepole mfumo ule ukaanza kuzaa kitu ambacho majimbo ya kawaida yalikuwa yameshakizika: mgombea binafsi.

Mwaka 1935 A. P. Herbert, mwandishi na mtu aliyesomea sheria, akagombea Oxford bila chama. Aliandika waraka mrefu, na kwenye kilimo akasema waziwazi kwamba hajui lolote kuhusu kilimo. Lakini jambo moja alilijua na akaahidi kulifanya: kurekebisha sheria ya talaka. Akashinda kiti cha pili. Mgombea rasmi wa chama cha Conservative, mkuu wa moja ya vyuo vya pale pale Oxford, akapoteza hadi dhamana yake.

Hali ya talaka England wakati huo ilikuwa hivi: sababu ilikuwa moja tu kwa vitendo, uzinzi. Umeachwa miaka kumi? Haitoshi. Unapigwa kila wiki? Haitoshi. Basi wanandoa waliokwisha kuchokana walitengeneza ushahidi. Mwanamume anakwenda hotelini na mwanamke wa kukodiwa, wanakaa chumbani usiku kucha, asubuhi mhudumu anawaletea chai ili akaseme mahakamani alichokiona. Watu waadilifu walilazimishwa na sheria kusema uongo mbele ya hakimu.

Herbert hakuwa na chama cha kumsukuma. Muswada wa mbunge wa kawaida hupata nafasi kwa bahati nasibu, na mwaka 1936 bahati ikamwangukia mbunge mwingine, Rupert De la Bère, aliyekubali kuubeba muswada wake. Mwaka 1937 ukawa sheria. Sababu zikaongezeka: kutelekezwa kwa miaka mitatu, ukatili, na maradhi ya akili yasiyotibika yaliyodumu miaka mitano. Mbunge wa muhula wa kwanza, asiye na chama, miaka miwili tangu aingie.

---

Wakili wa Nyeri

Subiri kidogo mwalimu, hapa lazima niingie. Umetaja kutelekezwa miaka mitatu, ukatili, wazimu wa miaka mitano. Hizo ndizo sababu nilizokariri chuoni! Sheria yetu ya Kenya ya mashauri ya ndoa, Sura ya 152, ya wakati wa ukoloni, ilikuwa na orodha hiyo hiyo karibu neno kwa neno. Iliishi mpaka Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipoifuta. Nimesimama mahakamani nikithibitisha ukatili na kutelekezwa kwa wateja wangu wengi, na sikuwahi kujiuliza nani aliyeziandika kwanza.

---

Mwalimu wa Zamu

Ndivyo wakili. Sheria ya 1937 ilisafiri na ukoloni, ikatua kwenye vitabu vya makoloni. Kwetu Tanzania tuliachana na mtindo ule mapema, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ambapo mahakama inaangalia kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Lakini Kenya mpaka 2014, mama wa Nyeri aliyetaka kutoka kwenye ndoa ya kipigo alitumia maneno yaliyopenya London kwa sababu wahitimu wa Oxford mwaka 1935 walimpa kura mtu asiye na chama. Nilipoligundua hilo niliacha kusoma, nikakaa kimya muda mrefu.

---

Bahari Kuu

Mwalimu, kumbe mgombea binafsi ana historia nzito hivi. Sisi suala hilo limezungushwa tangu Mchungaji Mtikila alipokwenda mahakamani miaka ya tisini. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilimpa haki Juni 2013. Yeye ameshafariki, na bado tunasubiri.

---

Mwalimu wa Zamu

Ndiyo mkuu, na hukumu ile niliwasomea wanafunzi wangu vipande vyake. Kwangu hilo ndilo funzo la Oxford ambalo watetezi wa viti vya vyuo hawakulisema vizuri: thamani haikuwa shahada za wapiga kura. Wapiga kura hao hao wenye shahada zao ndio waliowatupa Peel na Gladstone. Kilichobadilika baada ya 1918 ni namna ya kupiga kura na mlango wa mtu asiye na chama. Hivyo vingeweza kupewa kila jimbo la nchi, la wavuvi na la wachimba makaa, bila kumpa mhitimu kura ya ziada.

Havikupewa. Viti vya vyuo vilifutwa na mlango ukaenda navyo.

Ilikuwa hivi. Baada ya uchaguzi wa 1945 Bunge lilikuwa na viti 640, kati yake 12 vya vyuo. Chama cha Labour kimeshinda kwa kishindo, na msimamo wake ni mtu mmoja, kura moja. Conservative wakalalamika kwamba mwaka 1944 mkutano wa vyama chini ya Spika ulikubaliana viti hivyo vibaki, na kwamba Labour wamevunja makubaliano. Churchill akaahidi chama chake kikirudi madarakani kitavirudisha. Sheria ya kuvifuta ikapita 1948. Herbert alipinga mpaka dakika ya mwisho. Bunge lilipovunjwa Februari 1950, Jimbo la Chuo Kikuu cha Oxford likaisha. Churchill alirudi madarakani 1951, na viti havikurudi.

Jambo dogo la kwetu: Mwalimu Nyerere alianza masomo Edinburgh Oktoba 1949, wakati vyuo vya Scotland vingali na wabunge watatu kwa pamoja. Alipopata shahada yake 1952 viti vile vilikuwa vimeshafutwa.

---

Kigali Kwetu

Salaam mwalimu. Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Huku Rwanda kitu hiki kiko hai. Seneti yetu ina watu 26, na kati yao mmoja anatoka vyuo vya umma na mmoja vyuo vya binafsi. Wanaochagua ni walimu wa vyuo wenyewe, na mgombea lazima awe angalau profesa mshiriki. Sioni ubaya wake.

---

Mwalimu wa Zamu

Nashukuru ndugu, mfano wako ni mzuri na unatofautiana na wa Oxford kwa jambo kubwa: ni Seneti, nyumba ya pili, wala si bunge la majimbo, na walimu wa chuo wanachagua kama walimu wa chuo. Ireland nao walifika huko huko. Mwaka 1936 waliondoa viti vya vyuo katika bunge lao la chini, kisha katiba ya 1937 ikaviweka kwenye Seneti, vitatu kwa Trinity, chuo cha Dublin, na vitatu kwa Chuo Kikuu cha Taifa. Mary Robinson alianzia siasa pale, kwa kiti cha Trinity mwaka 1969, kabla ya kuwa Rais. Wahitimu wa vyuo vingine wakabaki nje. Kura ya maoni ya 1979 ikaruhusu waingizwe, serikali moja baada ya nyingine ikakalia jambo hilo miaka zaidi ya 40, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua 2023. Sasa sheria ya 2024 imeviunganisha viti sita kwa wahitimu wote.

Hata hivyo kinyongo changu kiko pale pale ndugu yangu. Mtu aliyeacha shule darasa la saba ndiye mwenye uhitaji mkubwa wa kusemewa.

---

Binti Rungwe

Swali la mwisho mwalimu kisha nikalale. Wale wabunge wawili wa mwisho wa Oxford waliishia wapi?

---

Mwalimu wa Zamu

Wote wawili walikuwa wabunge binafsi, dada: Herbert na Sir Arthur Salter. Salter alijiunga na Conservative, akarudi bungeni 1951 kwa jimbo la Ormskirk. Herbert hakujiunga na chama chochote. Aliishi hadi 1971 na hakuwa mbunge tena.